Sale Kwenye Samadi

Mpaka leo, na uzee huu, siwezi kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwenye kata aliyoinywea mtu mwingine bila kuigeuza upande wa pili na kuifuta mdomo kwa kiganja. Wajukuu hunicheka. Husema bibi ana kinyaa cha kizungu, amekitoa kwa masista waliomsomesha. Siwasahihishi. Kinyaa nilizaliwa nacho. Masista walinipa sabuni tu. Wasichojua ni kwamba katika yote yanayonitia kinyaa, la kwanza ni mimi mwenyewe, na kisa chake kilianza nyumbani kwa baba, kwa sababu ya mtu wa Kahe.

Baba alikuwa Mangi, yaani chifu. Sitasema wa wapi. Mlima ni mmoja lakini wamangi walikuwa wengi, kila mmoja na watu wake kati ya korongo moja na jingine, na wajukuu wa wote hao bado wanapigana vikumbo sokoni. Inatosha kujua kwamba alitawala eneo dogo upande wa Vunjo, enzi za Mwingereza, akiwa na baraza lililojengwa kwa mawe na helmeti nyeupe aliyopewa na Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya aliyekaa Moshi. Alikuwa na mke mmoja tu, wa ndoa ya kanisani. Huyo ndiye mama yangu.

Mama alikufa msimu wa kuchuma kahawa, kwa homa iliyomchukua siku nne. Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule ya masista na nafundisha watoto kusoma, msichana wa miaka ishirini na moja mwenye viatu vya ngozi na maoni juu ya kila kitu. Niliacha kazi nikarudi nyumbani kumtunza baba. Nilijiona shujaa. Nilikuwa na hakika kwamba nitamfuta machozi kwa supu na leso safi, na ukoo mzima utaona nilivyo binti mwema.

Nyumba yetu kubwa ilikuwa ya bati, lakini mama hakukubali kuibomoa nyumba yake ya zamani ya nyasi iliyokuwa nyuma, katikati ya migomba. Humo alifuga ng'ombe wake, mweusi mwenye paji jeupe, maana kwetu ng'ombe hachungwi. Hukaa ndani akaletewa majani na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Siku ya tatu baada ya mazishi baba aliingia humo akaketi kwenye kigoda cha mama cha kukamulia. Kilikuwa kidogo hata magoti yakamfika kifuani. Hakutoka. Kesi zikalala barazani. Wazee walikuja, wakakohoa mlangoni, wakarudi. Padre alikuja na maneno yake mazuri akaondoka nayo. Bwana Shauri aliandika barua, kisha ya pili, na hiyo ya pili haikuwa na salamu. Mimi nilipeleka mtori, supu yetu ya ndizi, asubuhi na jioni kwenye bakuli la maua, na kila mara niliukuta umeganda na kufanya ngozi juu, nzi wakitembea.

Aliyemtoa ni mtu wa Kahe.

Huyu alikuwa mtumishi wa mama, mtunza ng'ombe. Alipanda kutoka tambarare miaka mingi kabla, na mzigo wa majani kichwani, kazi ambayo kwetu ni ya wanawake, na mama akamcheka kisha akamwajiri. Wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakumjua mama. Yeye alimpa jembe siku ileile. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, amempita baba umri kidogo, anayenusa ugoro na kupenga kwa vidole viwili kisha akajipangusa kwenye mgomba. Alilala kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya ng'ombe. Kichagga chake kilikuwa cha tambarare na sisi tulikicheka mpaka akaacha kukitumia mbele yetu, akabaki na Kiswahili. Alikuwa na umri wa kuwa baba yangu, na sikuwahi hata siku moja kumpa shikamoo.

Asubuhi hiyo nilikuwa mlangoni na bakuli langu. Alinipita bila kuniangalia, akasimama mbele ya baba.

"Inuka, Mangi," alisema. "Umekalia kigoda cha kazi na kazi hufanyi. Ng'ombe wa marehemu hajala."

Hakuna mtu aliyesema na Mangi hivyo. Hata kaka yangu mkubwa, mrithi wake, alizungumza naye akiwa ameinama kidogo. Nilingoja baba aite askari wa baraza wamtoe mtu huyu kwa viboko, na nakiri nilingoja kwa hamu. Baba aliinua macho. Kisha akauliza, kwa sauti iliyoota kutu, "Panga liko wapi?"

Wakaenda kukata migomba. Mtori wangu nikaumwaga.

Ilipaswa nifurahi. Baba alitembea, alikula, na baada ya wiki chache akaanza hata kukaripia watu. Lakini ungeona alivyokula. Ndizi zilizookwa kwenye majivu, mtu wa Kahe akizimenya kwa vidole vilevile vya kupengea, akizipanga kwenye jani moja la mgomba, na wote wawili wakizichukua hapo. Mbege walinywa kwa kata moja. Desturi yetu ni kwamba anayekukaribisha huonja kwanza, ujue hakuna sumu, na hilo sikulipinga. Lakini mtu wa Kahe akionja aliacha povu na chembe za ulezi kwenye mdomo wa kata, na baba aliipokea akaweka midomo yake palepale. Na samadi je? Kila asubuhi Mangi wa watu alizoa samadi kwa mikono, akaijaza kwenye kikapu, akaibeba begani mpaka migombani, akarudi na mistari ya kijani ikimtiririka mgongoni. Nilimpelekea maji ya moto, sabuni na brashi ya kucha. Alinishukuru, akaiweka brashi juu ya boriti, na huko ikakaa mpaka panya wakaitafuna.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hawezi kukaa na mimi, kwa nini lazima akae na mtu huyu. Alinijibu bila kugeuka.

"Yeye haniambii pole."

Nililia kwa hasira. Mimi nilikuwa nimemwambia pole asubuhi, mchana na jioni, hata nikiwa nimeshiba mwenyewe hilo neno. Leo naweza kukiri kwamba kile nilichokiita kinyaa, nusu yake ilikuwa wivu. Siku zile ungeniambia hivyo ningekutolea ushahidi wa kucha za yule mtu.

Baba alirudi barazani, na mtu wa Kahe nyuma yake amembebea kiti. Baba akiwa katikati ya kesi, macho yakianza kuhamia migombani, yule mtu alikohoa na kusema mbele ya wazee wote, "Sikiliza, Mangi, mama huyu anasema na wewe." Na Mangi alisikiliza. Wazee walikunja nyuso. Kaka alisema tumekuwa kichekesho cha mlima mzima, watu wanauliza siku hizi kwetu anatawala nani. Lakini kesi zilizolala ziliamka, na hata Bwana Shauri akaacha kuandika barua.

Kisha ng'ombe wa mama akazaa. Ndama alikuja vibaya, ametanguliza miguu ya nyuma. Ilikuwa mchana wa jua kali, nami nimesimama mlangoni na viatu vyangu, leso puani. Mtu wa Kahe alijaribu akashindwa. Alikuwa na kiwiko kilichowahi kuvunjika kikaungwa vibaya. Akamgeukia baba.

"Vua shati, Mangi. Ingiza mkono."

Baba alivua akaingiza mkono mpaka begani, shavu lake limelala juu ya tako la ng'ombe lililoganda mavi, na mtu wa Kahe akimwelekeza kwa sauti ya chini: shika kwato, sukuma, ngoja apumue, sasa vuta. Ndama alitoka na maji, damu na ute, vyote vikammwagikia baba. Alianguka kitako kwenye uchafu ule amempakata, akacheka. Tangu mama afe sikuwa nimekisikia kicheko chake. Alicheka mpaka akalia, na mtu wa Kahe akaketi karibu naye kwenye samadi, akampapasa mgongo kwa mkono wenye ute.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga. Mimi nilitoka nje nikatapika kwenye mibuni.

Kesho yake asubuhi baba aliniita. Kihamba chetu, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilishuka mpaka barabara ya magari, na kipande cha chini, kutoka mfongo, mfereji wetu wa maji, mpaka kwenye mti mkubwa wa mringaringa, kilikaa bila mtu. Baba alikuwa amebeba miche ya masale. Kila mtu mlimani analijua sale: mmea wa majani marefu membamba, unaopandwa mipakani na makaburini. Likishapandwa haling'olewi. Na ukimkosea mtu, ukachuma jani lake, ukalifunga fundo na kumpelekea, hawezi kukurudisha. Akilipokea tu, amekusamehe, apende asipende. Kwetu hata ugomvi wa damu uliishia hapo.

"Wewe unajua kuandika," baba alisema, "lakini hili haliandikwi. Simama utazame, ili kesho useme umeona."

Alichimba mwenyewe, akapanda mstari mzima kutoka mfongo mpaka mringaringa. Alipomaliza alimwambia mtu wa Kahe, "Hapa ni pako. Na ukifa uzikwe hapa, usirudishwe tambarare." Yule mtu alitoa ugoro, akaurudisha bila kuunusa. "Aika, Mangi," alisema. Hilo, la kushukuru, ndilo neno pekee la Kichagga nililomsikia akilitamka mbele yangu tangu tulipomcheka. Akili ya baba ilikuwa nzima asubuhi ile. Alikumbuka hata kunikaripia kwa kukanyaga mche mmoja na kiatu changu. Nalisema hili mapema ili lijulikane.

Mwaka wa mama ulipotimia tulichinja. Kwetu nyama haigawanywi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe, na kidari ni cha mkubwa wa nyumba. Anaweza kukila au kumpa mrithi wake mbele ya ukoo, na safari hiyo kila mtu alijua ni zamu ya kaka. Baba alikikata, akanyoosha mkono, mkono ukampita kaka, ukamfikia mtu wa Kahe. Kaka alikuwa ameshakinga viganja viwili. Aliviteremsha polepole, akajifanya anajifuta kwenye suruali. Baadaye, nyuma ya jiko, aliniambia kwa meno yaliyobana, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Siku baba akiondoka tutaona."

Baba alifia mikononi mwa mla naye. Ilikuwa miaka miwili baadaye, asubuhi, kwenye nyumba ile ya nyasi, kifua kilimbana wakati anakamua. Kaka alikuwa Moshi kwa shughuli zake. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maziwa ya jana. Nilipofika, mtu wa Kahe alikuwa amekaa chini, kichwa cha baba kiko mapajani mwake, na kwa vidole vile, ambavyo nilivijua vyote kumi kwa uchafu wake, alikuwa anamfumba macho.

"Usimguse," nilimwambia.

"Nimeshamgusa, Binti Mangi," alisema, akaendelea.

Tulimzika baba kando ya mama, msalaba kichwani na masale pande zote. Kaka akavaa helmeti. Haikumtosha vizuri, ilimkaa juu juu, lakini aliivaa. Jambo la kwanza alilotaka ni kile kipande cha chini, kwa kuwa kilipakana na barabara na yeye alikwisha kuota nyumba ya ghorofa moja yenye madirisha ya vioo hapo. Wazee wa ukoo hawakuwa wapenzi wa mtu wa Kahe, ila waliogopa. Walisema masale ya Mangi hayang'olewi. Kuna njia moja tu, kama aliyeyapanda hakuwa na akili timamu siku hiyo. Wakauliza nani aliona. Wakaambiwa ni binti. Wakapanga kikao cha siku iliyofuata.

Kaka hakunishurutisha, na nisingependa kumsingizia. Alikuja tu jikoni akasimama mlangoni. "Wewe umesoma," alisema. "Unajua mtu mwenye akili hawezi kukaa kwenye mavi mwaka mzima. Sema unavyojua wewe." Akaondoka. Alinijua vizuri.

Baadaye siku hiyo mtu wa Kahe mwenyewe alipanda kutoka kwenye kipande chake. Aliyaacha malapa yake mbali, kwenye njia. Mikononi, yote miwili, alikuwa amekamata jani la sale lililofungwa fundo.

"Binti Mangi," alisema, "sijui nilikukosea nini. Ila nina macho, tangu marehemu mama yako afe naona hupendi hata kivuli changu. Kama kuna kosa, nisamehe. Na kesho sema ulichokiona. Usiongeze."

Nilikitazama kile anachonipa. Jani lilikuwa na alama ya kidole gumba, ya samadi iliyokauka, na hapo ndipo macho yangu yalipokwama. Nilijua kwamba nikilishika tu nimefungwa, kesho nitasimama mbele ya wazee na kusema kweli, na mtu huyu atakaa pale chini ya macho yangu mpaka azikwe, akiwa na kila kitu alichopewa na baba ambacho mimi sikupewa. Nilisema, kwa Kiswahili changu cha darasani:

"Sisi ni Wakristo. Hatupokei majani."

Nyuma yangu, hatua thelathini, kaburi la baba lilikuwa limezungushiwa majani hayohayo. Mtu wa Kahe aliliangalia kaburi, akaniangalia mimi. Aliinama akaliweka sale kwenye kizingiti, maana halitupwi, akarudi nyuma hatua mbili akasubiri.

Niliinama nami. Nililishika kwa ncha za vidole viwili, kama unavyoshika mkia wa panya aliyekufa, nikatembea nalo mpaka kwenye lundo la samadi, nikaliachia. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni, pale nje, mbele yake.

"Haya," alisema. Alivaa malapa yake akateremka.

Kikao kilikaa barazani asubuhi. Wazee walikuwa saba. Waliniuliza kama nilikuwepo baba alipopanda, nikasema nilikuwepo. Wakauliza alikuwa katika hali gani. Nilizungumza vizuri sana, ndivyo nilivyofundishwa. Niliwasimulia samadi mgongoni, ndizi za majivuni, kata moja, mkono ndani ya ng'ombe, kicheko. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Halafu nikamalizia, "Baba alirukwa na akili tangu mama afe. Siku ile alikuwa anacheza na udongo." Mzee mmoja, rika la baba, alitema mate pembeni ya kigoda chake. Mpaka leo sijui kama aliyatemea mate maneno yangu au ugoro ulimkaba, na sijawahi kujidanganya kuwa ni ugoro.

Mtu wa Kahe alipoulizwa kama ana neno alisema hana. "Mangi alikuwa na akili," aliongeza baadaye kidogo, kwa sauti ya mtu anayemtetea mwingine. Kuhusu shamba hakusema lolote.

Wazee waliamua masale yang'olewe, lakini kupatikana mtu wa kung'oa kulikuwa na kazi. Kila aliyeamriwa aliumwa ghafla, huyu mgongo, huyu mkono. Hata kaka mwenyewe, aliyeapa kwamba haamini, hakuyagusa. Mwishowe akamleta fundi mwashi kutoka mjini Moshi, mtu wa kofia na kanzu fupi, mcheshi, ambaye huko kwao pwani sale lilikuwa mmea tu. Aliyang'oa yote kwa jembe huku anazungumza. "Maua mazuri haya," alituambia, "mnayang'oa ya nini?" Tulikuwa tumesimama pale kama ishirini hivi.

Siku hiyo mtu wa Kahe alikamua kwanza. Alimfunga ndama mchanga, akamwekea ng'ombe vigogo vya siku mbili, akaleta maziwa mpaka kwenye ngazi yangu, akayaweka chini bila kubisha hodi. Kisha akashuka barabarani na panga lake na blanketi. Maziwa yale niliyamwaga. Siku hizi, nikikumbuka yote, bado naona nilichokifanya kwa maziwa ni uchafu kuliko samadi yote aliyozoa baba.

Msomaji atangoja nimwambie nyumba ya kaka iliungua, au bati liliezuliwa na upepo. Watu hupenda hivyo. Nyumba ilisimama vizuri na haikuvuja. Sherehe ya kuifungua ilihudhuriwa na Bwana Shauri na mkewe, na yule ndama aliyepakatwa na baba, ambaye sasa alikuwa mtamba, alichinjwa kwa shughuli hiyo. Nilikula. Kaka alinipa kidari, kipande kizuri, mbele ya watu, na mafuta yakanitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilikitafuna chote.

Nikaolewa, nikafundisha, nikazaa. Miaka ikapita, Mwingereza akawa anafungasha mizigo yake. Kinyaa changu kilianza kubadilika polepole, nisijue lini hasa. Nilianza kuchukia harufu ya sabuni. Nilikuwa nikinawa mikono naona lundo la samadi. Nilipopata mtu aliyeniambia kwamba yule mzee bado yu hai, huko Kahe, nilikwenda kwenye kaburi la baba nikachuma jani la sale, nikalifunga fundo, nikalifunika kwenye kanga, nikapanda lori la kwenda tambarare.

Nilimkuta kwenye shamba dogo la mahindi anafungulia maji kutoka mferejini. Miguu yake ilikuwa kwenye tope mpaka kwenye vigimbi. Alikuwa amezeeka sana, kile kiwiko sasa hakikunjuki kabisa. Alinitambua kabla sijafika.

"Shikamoo, baba," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba, Binti Mangi."

Nilifungua kanga nikalitoa sale, nikalinyoosha kwa mikono miwili kama alivyofanya yeye. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Moshi, mengi, na yote yakapotea. Nikasema tu nilidanganya, na baba alikuwa na akili.

"Najua," alisema.

Hakulipokea hapohapo. Aliweka jembe chini, akachuchumaa mferejini, akanawa. Alijisugua kwa mchanga mpaka viwikoni, akapita kucha moja moja kwa kijiti. Nilielewa anachofanya na kwa ajili ya nani. Nilitaka kumwambia aache, nikabaki nimeshika sale langu. Alipomaliza alilipokea sale kwa mikono miwili, inachuruzika maji.

"Nimepokea," alisema, akaenda kulichomeka kwenye nyasi za paa juu ya mlango wake.

Hakusema amenisamehe. Hakuwa na haja, desturi yetu ilikwisha kusema kwa niaba yake, na mimi nilijua itakuwa hivyo tangu napanda lori. Ningeweza kwenda mikono mitupu, nikakiri uongo wangu, nikamwacha mwenyewe aamue kunipokea au kunifukuza. Nilimpelekea kitu asichoweza kukikataa. Huyu mtu hakuwa hata Mchagga, ila aliliheshimu sale letu kuliko sisi, na nililitegemea hilo. Shamba tulimnyang'anya, na msamaha nao nikamnyang'anya. Nilisimama pale kwenye jua la Kahe nikajiona natia kinyaa.

Alinikaribisha kwenye kivuli cha nyumba. Aliuliza kuhusu yule ndama, kama alizaa. Nikamwambia alichinjwa. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaingia ndani akatoka na kata ya maziwa ya mgando, mazito, yenye harufu ya moshi. Alionja kwanza, kama alivyokuwa akimfanyia baba, akanipa.

Nilikuwa na kiu. Nataka sana kusema kwamba niliyanywa vile vile nilivyoyapokea, na kwa miaka kadhaa niliisimulia hivyo. Lakini mkono wangu uliigeuza kata upande wa pili, na kiganja kikapita kwenye mdomo wake, mara moja, haraka, kama kinavyofanya siku zote. Nilipoinua macho alikuwa anaitazama mikono yake, pande zote mbili, anatafuta uchafu aliousahau.